Kundi Gumu Linapojifunza Kuimba: Hard Blasters Crew na Kiitikio cha Bongo Fleva

Mhadhara kwa wasikilizaji wa Kiswahili wa Al Thumama, Doha

Kundi la muziki lililojijengea jina kwa ukali wa sauti linapoanza kuingiza uimbaji katika nyimbo zake, wasikilizaji wake wa kwanza huwa wepesi wa kutoa hukumu, na hukumu hiyo karibu kila mara ni moja: kundi limelainika, limeuza ugumu wake kwa redio na kwa wenye maduka ya kanda. Mhadhara huu unaipima upya hukumu hiyo kwa kulitazama kundi la Hard Blasters Crew la Dar es Salaam, lililojulikana zaidi kwa herufi HBC, ambalo kati ya katikati ya miaka ya 1990 na mwaka 2000 lilitoka katika ufokaji uliokaa karibu sana na mifano ya Marekani na kuingia katika utunzi uliofungua njia kwa sehemu kubwa ya Bongo Fleva iliyofuata. Hoja yake ni kwamba ugumu wa HBC ulikaa katika maneno kuliko kooni, na kwamba mahadhi yaliyokuja kuongezwa juu ya maneno hayo hayakuyapunguza makali bali yaliyafikisha mahali ambapo sauti kavu isingeyafikisha. Gharama ya mgeuko huo ilikuwepo, na haikuwa ndogo. Lakini haikulipwa pale ambapo walalamikaji walidhani.

Istilahi zinahitaji kuwekwa sawa kwanza. Neno hadikoo, ambalo vijana wa Afrika Mashariki walilipokea pamoja na kanda kutoka nje, lina nasaba mbili. Nasaba ya kwanza ni ya panki, yaani muziki wa magitaa wa vijana waliochoshwa na madoido ya roki ya miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika miji kama Washington na Los Angeles, vijana hao waliufupisha na kuuharakisha muziki wao kiasi kwamba wimbo mzima uliweza kumalizika kwa dakika moja, na mwimbaji akawa anapiga kelele zaidi ya kuimba. Nasaba ya pili ni ya hip hop, ambamo hadikoo ilimaanisha ngoma nzito, sauti yenye ghadhabu, na mistari mirefu ya maneno yasiyokatizwa na uimbaji wa mapenzi. Dar es Salaam ilirithi zaidi nasaba hii ya pili na ikaipa majina yake: magazeti ya miaka ya 1990 yaliandika juu ya muziki wa kufokafoka, vijana wenyewe wakasema kuchana, na waliojiona walinzi wa jadi wakaiita hip hop ngumu, huku wakiwabandika waimbaji wa mapenzi jina la wabana pua, tusi ambalo hata leo halijapoteza chumvi yake.

Mfano mmoja kutoka nasaba ya panki unafaa kutangulizwa, kwa sababu unaonyesha kwamba mgeuko wa kwenda kwenye mahadhi una mantiki ya ndani, isiyosubiri fedha ya mtu. Kundi la Hüsker Dü la jimbo la Minnesota, lililoundwa mwaka 1979 na Bob Mould, Grant Hart na Greg Norton, lilitoa mwaka 1982 rekodi ya onyesho la jukwaani iitwayo Land Speed Record, ambamo nyimbo 17 zinapita kwa kasi ya ajabu katika muda usiofika nusu saa. Baada ya rekodi kama hiyo swali ni la kihesabu tu: kundi litaenda wapi tena? Kasi ina mpaka wake, na kelele ina mpaka ulio karibu zaidi, kwani sikio likishazoea kiwango cha juu kabisa cha ukali halihisi tena kwamba ni ukali. Mwaka 1984 kundi hilohilo lilitoa Zen Arcade, albamu mbili katika moja, yenye hadithi ndefu, piano, gitaa lisilo la umeme na viitikio ambavyo mtu angeweza kuvirudia akiwa njiani. Mwaka 1986 likahamia kampuni kubwa ya Warner Bros, na mwanzoni mwa 1988 likavunjika. Ni vyema kuzingatia mpangilio wa tarehe hizo, kwa sababu mahadhi yalitangulia mkataba wa kampuni kubwa kwa takribani miaka miwili, jambo ambalo wanaopenda kueleza kila badiliko la sanaa kwa njia ya pesa hulipita haraka.

Huko Dar es Salaam muziki wa kufokafoka ulianza ukiwa mali ya wachache. Waliokuwa na ndugu Ulaya au Marekani, waliokuwa na mashine ya kucheza kanda za video na Kiingereza cha kutosha kufuata maneno, ndio waliokuwa wa kwanza kuunda makundi. Saleh Jabri alipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice. Mashindano ya Yo Rap Bonanza yakawapandisha jukwaani vijana wengi wa aina yake. Na mwaka 1993 makundi madogo yaliungana kuwa Kwanza Unit, kundi lililokuwa na ndoto ya taifa zima la wanahiphop na lililochanganya Kiingereza na Kiswahili bila kuona haya. Sheria ya utangazaji ya mwaka huohuo wa 1993 ilivunja ukiritimba wa redio ya serikali, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika, ikiwa na watangazaji kama Taji Liundi na Mike Mhagama, ambaye ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa mwasisi wa jina Bongo Fleva. Redio mpya za aina hiyo zilikuwa na saa nyingi za kujaza na muziki wa nyumbani wa vijana usiotosha kuzijaza.

HBC lilikulia katika hali hiyo. Wachanaji wake watatu waliojulikana zaidi walikuwa Nigga Jay, yaani Joseph Haule, ambaye baadaye alijiita Professor Jay, pamoja na Fanani na Big Willy. Majina yenyewe, la kundi na la mchanaji wake mkuu, yanaonyesha mwelekeo wa mwanzo: walitaka kusikika kama baruti, na kioo walichojitazamia kilikuwa New York na Los Angeles. Lakini albamu yao ya Funga Kazi, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa jambo jingine. Wimbo wake mkubwa, Chemsha Bongo, uliotayarishwa na P-Funk Majani, yaani Paul Matthysse wa Bongo Records, ulitamkwa kwa Kiswahili cha mtaani ambacho mama wa nyumbani na mpiga debe wote waliweza kukifuata, ulisimulia maisha ya kijana wa mjini kama mtu anavyosimulia kisa barazani, na vina vyake vilianguka pale ambapo sikio la Mswahili hutazamia vina kuanguka. Wengi waliokuwa wakiuona muziki wa kufokafoka kuwa uhuni wa watoto walijikuta wanasikiliza hadi mwisho, kwa sababu walitaka kujua kisa kiliishaje.

Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa na utajiri wake, na linastahili kutazamwa kwa utulivu. Silabi za Kiswahili, karibu zote, huishia katika irabu, na mkazo wa neno hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza, kinyume chake, hufunga silabi nyingi kwa konsonanti na huhamisha mkazo huku na huko, ndiyo maana mchanaji wa New York anaweza kumalizia mstari kwa neno fupi linalogonga kama nyundo. Kijana wa Dar es Salaam aliyejaribu kuyagongesha maneno ya Kiswahili kwa namna hiyo aliyavunja, akakata irabu za mwisho na kuhamisha mikazo, na matokeo yake yakawa Kiswahili kinachosikika kama cha mgeni. Aliyekubali lugha iende kwa mwendo wake alikuta kwamba mistari inarefuka, kwamba irabu za mwisho zinaomba kuvutwa, na kwamba kati ya irabu inayovutwa na irabu inayoimbwa hakuna ukuta. Kwa hiyo mchanaji anayetoka katika Kiingereza na kuingia katika Kiswahili tayari amefika nusu ya safari ya kuelekea kwenye mahadhi, hata kama mwenyewe bado anajitangaza kuwa mgumu.

Washairi wa kale wasingelishangaa hilo. Mshairi Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake, aliliweka suala la kuimbika katika kiini kabisa cha ushairi: kwake shairi lisiloimbika halikuwa shairi lililokamilika, na mizani na vina vilikuwepo ili sauti ipate njia ya kupita. Utenzi wa pwani hughaniwa, shairi la malumbano huimbwa, na wanaolumbana huweza kutukanana kwa ukali usio na kifani huku sauti zikiwa tulivu. Mtu aliyelelewa katika mapokeo hayo haoni mgongano wowote kati ya neno kali na sauti tamu. Mgongano huo uliletwa na kanda za nje, ambako ulikuwa na sababu zake za kihistoria, na makundi magumu ya Dar es Salaam yaliupokea pamoja na kofia na suruali pana bila kuuliza kama unawahusu. Kwa kipimo hiki, HBC kulegeza koo ni kundi kurudi katika kaida iliyokuwa ya wenyeji tangu hapo.

Kuna pia sababu ya fizikia ya kuelekea kwenye mahadhi, ambayo wasikilizaji wa Al Thumama wanaweza kuifikiri bila kwenda mbali. Uwanja wa mtaa huu, uliobuniwa na msanifu wa Qatar Ibrahim Jaidah kwa umbo la kofia ya kufuma ya Kiarabu na kufunguliwa Oktoba 2021 kwa fainali ya Kombe la Amir, ulichukua zaidi ya watu 40,000 wakati wa Kombe la Dunia la 2022. Hapo ndipo Senegal ilipocheza na Uholanzi tarehe 21 Novemba, na hapo ndipo Morocco ilipoifunga Ureno bao moja kwa bila tarehe 10 Desemba na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Katika jengo la ukubwa huo, sauti hugonga kuta na paa na kurudi sikioni ikiwa imechelewa, na konsonanti, ambazo ni fupi, hufunikwa na mwangwi wa silabi zilizozitangulia, wakati irabu ndefu huvuka salama. Hotuba hupotea, wimbo wa mashabiki haupotei, na hata asiyejua lugha ya wimbo huo huushika baada ya kuusikia mara mbili. Mchanaji anayetegemea wepesi wa ulimi ni msanii wa chumba kidogo na wa vipokea sauti; akitaka umati wa uwanja wa mpira, au daladala yenye injini inayonguruma na spika iliyopasuka, lazima atafute kitu kinachovuka kelele.

Ghuba yenyewe ina ushahidi mkongwe zaidi wa nguvu hiyo ya mahadhi. Ngoma iitwayo lewa, inayochezwa Qatar, Bahrain, Oman na nchi jirani na watu ambao asili ya wengi wao ni pwani ya Afrika Mashariki, inaongozwa na zumari na kundi la ngoma, na ndani ya nyimbo zake yamebaki maneno ya Kiswahili midomoni mwa waimbaji ambao wengi hawaongei tena Kiswahili. Mazungumzo ya mababu yamesahaulika, lakini maneno yaliyofungwa katika wimbo yamevuka bahari na vizazi. Ni jambo la kusikitisha kwamba historia za muziki wa vijana wa Afrika Mashariki huanzia daima Bronx na kamwe hazipiti upande huu wa bahari.

Mgeuko ambao HBC liliuanzisha ulikamilishwa na Professor Jay peke yake. Albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu, ya mwaka 2001, ina wimbo uitwao Ndio Mzee, ambao ni hotuba ya mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia kwa maneno hayohayo ya jina la wimbo. Muundo wake ni ule wa kale kabisa wa ngoma, mmoja anatoa na wengi wanapokea, na kinachouma ndani yake ni kiitikio chenyewe kuliko mistari ya mgombea, kwani wanaocheka katika wimbo ni haohao wanaosema ndiyo. Mchanaji angeweza kuyasema hayo kwa hasira katika mistari 16 na kuwaambia wananchi kwamba wanadanganywa. Wimbo ungesikilizwa na waliokwisha kukubaliana naye. Kwa kuwapa wasikilizaji sehemu ya kuitikia, aliwafanya waigize kudanganywa kwao wenyewe, na huo ni ukali wa daraja la juu zaidi kuliko kupaza sauti. Mtunzi huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, miaka mitano baada ya Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, mkongwe mwingine wa muziki huo, kuchaguliwa Mbeya Mjini. Jukwaa la kampeni likawa limewapokea watu waliokwisha kulikejeli.

Katika Zali la Mentali, kisa cha kijana wa hali ya chini anayependwa na mwanamke mwenye uwezo, Professor Jay alimwita Juma Nature wa Temeke aje kuimba kiitikio. Sauti ya Nature ni jambo la pekee katika historia hii: si sauti ya kubana pua wala si ya kufoka, ni sauti ya mtu anayelalama kwa sauti ya juu akiwa amekaa kibarazani, yenye mahadhi yanayokumbusha mchiriku na ngoma za uswahilini kuliko kitu chochote cha Marekani. Baadaye Nikusaidiaje ulifuata utaratibu huohuo kwa kumtumia Ferooz, aliyetoka katika kundi la Daz Nundaz. Mgawanyo wa kazi ukawa umekaa: mchanaji anabeba kisa, mwimbaji anabeba hisia, na redio inapiga wimbo mzima.

Walalamikaji wanastahili kusikilizwa, maana hawakuwa wajinga. Waliona kwamba watangazaji walipendelea nyimbo zenye viitikio, kwamba wasambazaji wa Kariakoo waliagiza kanda za aina hiyohiyo, na kwamba kijana asiye na mwimbaji rafiki alianza kunyimwa nafasi. Waliona pia, na hapa walikuwa sahihi kabisa, kwamba kiitikio kikishaingia hakikai mahali pake. Kinarefuka, kinakula beti, na baada ya miaka 10 kinaweza kuwa ndio wimbo. Walichokosea ni kumtafuta mwenye hatia kwenye koo la msanii. Wimbo laini usio na neno la maana na wimbo mgumu usio na neno la maana ni ndugu, na wa pili una uwezo mkubwa zaidi wa kujificha.

Gharama halisi ililipwa na kundi kama kundi. Katika hip hop ya mwanzo, aina mbalimbali za sauti ndani ya wimbo zilitokana na kupokezana: mmoja ana sauti nzito, mwingine nyembamba, wa tatu ana haraka, na kubadilishana kwao ndiko kulikozuia wimbo usichoshe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kisanaa ya kuwa na wachanaji watatu au saba. Kiitikio cha kuimbwa kinapochukua kazi hiyo ya kubadilisha rangi ya sauti, mchanaji wa pili na wa tatu wanakosa kazi; mmoja mwenye kisa kizuri na mwimbaji mgeni wanatosha. Funga Kazi, jina ambalo kwa kejeli ya bahati lilitimia, ilikuwa kilele cha HBC na mwanzo wa mchanaji wake mmoja kusimama peke yake. Ugomvi wa fedha na tabia za watu hutajwa kila mara makundi yanapovunjika, na mara nyingine huwa kweli, lakini hata wachanaji watatu wanaopendana kama mapacha wangepata shida kugawana beti mbili.

Kundi la X Plastaz la Arusha linaonyesha kwamba kulikuwa na njia nyingine. Badala ya kumwita mwimbaji mgeni kwa kila wimbo, liliweka uimbaji wa Kimaasai ndani ya kundi lenyewe, likamfanya mwimbaji huyo kuwa mwenzao wa jukwaani, na albamu yake ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 inawafanya wachanaji na mwimbaji wasikike kama sauti za nyumba moja. Njia hiyo ilisifiwa zaidi Ulaya kuliko Kariakoo, na hilo nalo lina somo juu ya nani alikuwa akinunua nini. Nairobi, vijana wa Kalamashaka kutoka Dandora walishikilia ukavu wao kwa ukaidi wa kuheshimika, na albamu yao ya Ni Wakati ya mwaka 2001 bado inatajwa kwa heshima na watu ambao, wakiwa na harusi, huwaita wasanii wa genge, muziki wa sherehe wa Nairobi.

Mwaka 2014 Professor Jay alitoa Kipi Sijasikia akiwa na Diamond Platnumz, ambaye wakati huo tayari alikuwa mwimbaji mkubwa kuliko mchanaji yeyote nchini. Kwa kusikiliza juujuu, mgawanyo wa kazi ni uleule wa Zali la Mentali, beti za kuchana na kiitikio cha kuimbwa. Lakini uzito ulikuwa umehama, kwani katika wimbo huo wa mwaka 2003 mwimbaji ndiye aliyekuwa akipanda daraja kwa kualikwa, na safari hii wengi waliufungulia wimbo ili wamsikie aliyealikwa. Swali la ukali na mahadhi sasa liko mikononi mwa vijana wa singeli, muziki wa uswahilini unaokimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ambao kanda kama Sounds of Sisso ya mwaka 2017 iliupeleka kwenye matamasha ya Ulaya ukiwa mkavu na wenye kasi isiyo na huruma, ilhali wimbo kama Hainaga Ushemeji wa Man Fongo ulikwishaingia redioni kwa sababu ulikuwa na kiitikio ambacho mtoto wa shule ya msingi aliweza kukiimba akirudi nyumbani. Wapo watayarishaji wa Mburahati wanaoongeza kasi bado, na wapo wanaoipunguza ili mwimbaji apate nafasi ya kupumua, na mara nyingi ni watu walewale, katika studio ileile, siku tofauti za wiki.